Jeneza halikosi wabebaji, mtaro wakosa mikono

Jumanne moja kabla ya masika, kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kilitangaza alfajiri kifo cha mzee mmoja mshona kofia. Hadi Adhuhuri inaadhiniwa, kaburi lilikuwa limeshachimbwa Kikowani, sanda imenunuliwa na kukatwa, maiti ameoshwa, na jeneza liko njiani likipokezanwa mabegani. Hapana aliyepanga zamu wala aliyeandika majina. Vijana wawili ambao kwa kawaida hawaonekani nje kabla ya saa nne walikuwa ndani ya shimo, wamevua mashati, wakipokezana beleshi.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo kulikuwa na mwito mwingine. Mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu ulikuwa umeziba. Shirika moja lilileta glavu, magunia na fulana zenye nembo yake, na tangazo lilikuwa limezunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa tangu Jumapili. Tulifika watu tisa, wanne kati yetu tumeshapita miaka 50. Kijana mmoja alikuja akauliza kama kuna nauli, akaambiwa hakuna, akajiondokea. Bwana aliyetuletea fulana akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: vijana wa siku hizi hawajui kujitolea.

Kijana yule nilikuwa nimemwona Jumanne, ndani ya kaburi.

Jambo hilo limekataa kunitoka kichwani. Mtu ni yule yule, mtaa ni ule ule, wiki haijaisha. Jumanne alifanya kazi nzito ya juani bila kuuliza shilingi, na Alhamisi akataka nauli kwa kazi nyepesi iliyo hatua chache kutoka mlangoni kwao. Ukiniambia amekosa moyo wa kujitolea, utanieleza vipi lile kaburi? Kwa hiyo, badala ya kuwatazama vijana, naona tuzitazame hizo kazi zenyewe, na tumtazame anayewaita watu kuzifanya.

Tuanze na maziko. Wanavyuoni wanayaita fardhi kifaya: wajibu ulio juu ya watu wote wa mahali, wakiutekeleza baadhi yao wengine wamepumzika, na wakiuacha wote, dhambi ni ya wote. Sheria hiyo ya dini imejenga nidhamu ya ajabu. Kila mkono unajua pa kushika kwa kuwa umeanza kujifunza tangu utotoni. Mtoto wa miaka saba hutumwa maji, wa miaka 15 huachiwa bega chini ya jeneza kwa hatua chache kisha huondolewa, na wa miaka 20 hushuka kaburini. Anayejua kazi ndiye anayesikizwa. Nimemwona mchukuzi wa bandarini akimwelekeza wakili namna ya kuziweka mbao, na wakili akatii. Kazi ina mwanzo na mwisho, saa sita haziishi imekamilika. Na juu ya yote hayo ni deni linalozunguka. Aliyekuja kwetu tutakwenda kwao, na asiyekwenda kwa watu hujua vizuri siku yake itakavyokuwa.

Hakuna anayekuja kuhesabu waliofika ili akaandike ripoti, wala anayesema tusimame pamoja tupigwe picha.

Utaratibu huu una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wanawake, ingawa wanaume ndio wanaoonekana barabarani nyuma ya jeneza. Katika Mombasa ya kabla ya uhuru palikuwa na vyama vya lelemama, yaani vyama vya ngoma vya wanawake, na mahasimu wakubwa wawili walikuwa Ibinal Watan na Banu Saada. Walishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa karamu, na ushindani wenyewe ulikuwa mkali. Lakini vyama hivyo vilikuwa na viongozi wenye vyeo, vilikuwa na michango, na mwanachama mwenye harusi au msiba aliwakuta wenziwe mlangoni. Tulichorithi kutoka kwao ni kile tunachokiita mchezo, pale akina mama kumi au ishirini wanapochanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu. Tumerithi pia ile akili ya kujua sufuria kubwa la mtaa liko kwa nani, nani anakuna nazi haraka, nani ana mzazi aliyejifungua juzi na asisumbuliwe. Katika hotuba za siku ya wafanyakazi wa kujitolea sijawahi kumsikia mtu akiwataja akina mama hawa. Kwao neno lenyewe halipo. Wao husema tu, “Nimekwenda kwa fulani.”

Hata hivyo, nisije nikaupaka mtaa wangu rangi isiyo yake. Mshikamano wa namna hii una mipaka, na mipaka hiyo huwaumiza watu. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019. Wengi wao wamezaliwa kwingine au wazazi wao walikuja kufanya kazi bandarini, kwenye reli na hotelini, na mtu akifa hupelekwa kwao bara kwa mchango wa watu wa kijiji chake waliomo mjini. Hata ndani ya Mji wa Kale wenyewe, eneo dogo unaloweza kulimaliza kwa miguu kabla kahawa yako haijapoa, kuna mpangaji wa chumba cha uani ambaye hakuna msikiti unaojua jina lake.

Tuliliona hilo wazi mwezi Mei 2020. Serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, wakati mmoja na Eastleigh kule Nairobi, kwanza kwa siku 15 kisha ikaongeza hadi mapema Juni. Ilikuwa Ramadhani, na Idi ikatukuta ndani ya vizuizi. Wachukuzi, wauza samaki, wapishi wa futari na vijana wa kazi za kutwa walikosa riziki siku moja. Watu walijitoa. Unga, mchele, mafuta na tende vilipita nyumba hadi nyumba, na waliotoa wengi wao hawakutaka kutajwa. Lakini upande wetu orodha ya kwanza ilitoka msikitini. Ilikuwa na wenyeji wote, mpaka wale ambao hawakuhitaji, na wapangaji wa vyumba vya nyuma hawakuwamo. Waliogundua ni akina mama. Mmoja alisema kwamba nyumba fulani ina milango saba na orodha imeandika mmoja. Orodha ikaandikwa upya jikoni kwa mtu, kwa kuhesabu milango, na kuanzia siku ile chakula kikawafikia watu. Naamini hilo ndilo tendo kubwa zaidi la kujitolea nililoliona mwezi ule, na lilikuwa kazi ya kalamu na kumbukumbu, haikuhitaji nguvu za mwili.

Sasa tuje kwenye neno lililomkimbiza kijana yule, nauli. Wazee wengi huliona kama ugonjwa. Mimi naliona kama swali la haki ambalo tumelikwepa muda mrefu, na mfano mzuri ni wahudumu wa afya ya jamii.

Kwa miaka mingi tangu mkakati wa afya ya jamii ulipoanzishwa mwaka 2006, kazi yao iliitwa ya kujitolea. Hao ndio waliopanda ngazi za Majengo na kukata vichochoro vya Kisauni wakiulizia mtoto aliyekosa chanjo, mama mjamzito ambaye hajakwenda kliniki, mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa. Mwezi Septemba 2023 taifa likawatambua rasmi, wahudumu kama 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, mzigo wa malipo ukigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Ilikuwa hatua ya heshima, na naiunga mkono. Lakini piga hesabu. Mhudumu mmoja hukabidhiwa nyumba kama 100. Akizizungukia zote mara moja tu kwa mwezi, nyumba moja inamlipa shilingi 50. Hiyo ni nauli ya matatu, na nyumba nyingine humtaka arudi mara tatu. Anajaza fomu au simu, anahudhuria mikutano, anaulizwa takwimu, anakaripiwa zikichelewa. Kazi yenye eneo, ripoti, msimamizi na karipio ni ajira, hata ukiiita kwa jina gani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kila nikisikia mwenye mshahara akimhimiza mama wa Likoni awe na moyo wa kujitolea, huliona lile kanda mgongoni pa mama.

Mwaka 2020 pia kulikuwa na Kazi Mtaani, mpango wa serikali uliowalipa vijana shilingi 455 kwa siku, katika awamu yake ya pili, kwa kufagia, kuzibua mitaro na kukata nyasi. Fedha hiyo ililisha nyumba nyingi wakati mgumu, na sitaki kusikia anayeibeza. Ila ilibadilisha kitu. Mtaro ambao mwanzoni ulikuwa wetu ukawa wa mpango. Mpango ulipokwisha haukurudi kuwa wetu, ukabaki hauna mwenyewe. Kijana aliyelipwa kuuzibua jana ana sababu ya kuuliza leo kwa nini kazi ile ile imekuwa bure, tena mbele ya bwana aliyekuja na gari la shirika. Hakuna anayeshuka kwenye gari akatuita kaburini, ndiyo maana kaburini hatuulizi.

Ndiyo maana natofautisha mambo mawili ambayo mji huu unayachanganya kila siku. Kuna kazi ya kila siku, yenye saa na yenye bwana wa kuitolea hesabu. Hiyo ilipwe, na ilipwe kwa wakati. Na kuna kazi inayozunguka kwa zamu, ambayo wanaoifanya ndio wanaoiamua, lini, wapi, kwa namna gani na iishie wapi. Hiyo haina haja ya nauli, na ukiitia nauli unaiharibu. Tunapoichukua ya kwanza tukaivika jina la pili, watu huona hila mara moja, kisha wanaacha kuamini hata mwito wa kweli.

Tazama usafishaji wa ufuo. Kila Jumamosi ya tatu ya Septemba dunia nzima hushuka pwani kuokota taka, nasi hapa hushuka vilevile, kutoka Nyali hadi Shelly. Mimi huenda, na nitaendelea kwenda. Kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017 kulisaidia sana, hata wanaokwenda ufuoni wanaona tofauti. Lakini chupa, nepi na viatu vilivyobaki vinatoka wapi? Sehemu kubwa hushuka na mvua kupitia mitaro ya mitaa ambako gari la taka haliingii. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo watu wawili wenye mabega mapana hupishana kwa kugeuka upande. Taka zetu hutolewa kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni hulipwa na nyumba moja moja kila wiki, shilingi chache. Yeye ndiye anayejua pipa gani limeondolewa na taka zinamwagwa wapi sasa. Sijawahi kumwona akialikwa kwenye mkutano wowote wa mazingira. Tunakusanya wanafunzi 200 waokote kule chini kitu ambacho mtu mmoja angeweza kutwambia namna ya kukizuia huku juu.

Kuna mahali si mbali, kama kilomita 50 kusini mwetu, walikokwenda njia nyingine. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni katika Kwale wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, uliokuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuuza hewa ya kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi, ukiendeshwa na jamii yenyewe. Ulianza kuuza mwaka 2013, na mwaka 2017 ukapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wengi hupenda kuusimulia kama hadithi ya fedha. Fedha yenyewe si ya kutajirisha vijiji viwili, ni dola elfu kumi na kitu kwa mwaka. Kinachonivutia ni nani anayeamua matumizi. Wanakijiji wanakaa, wanajadiliana, wanachagua: maji mwaka huu, vitabu na madarasa mwaka ujao. Mtu akiingia topeni hadi magotini kupanda mche wa mkoko, anajua bomba la maji lililotokana na mche uliopita liko wapi, na alikuwapo lilipochaguliwa. Mpe mtu huyo fulana akipenda, lakini si fulana iliyompeleka topeni.

Mombasa tunayo sheria ya kutuwezesha kufanya hivyo. Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaubebesha ugatuzi wajibu huo. Kukaa kwenye kikao cha bajeti ni kujitolea pia, tena kwa aina ngumu, kwa kuwa haina shukrani ya papo kwa papo. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo, kilichoitishwa na ofisi moja ya umma. Kiliitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Muuza samaki yuko sokoni saa hiyo, mwenye tuktuk yuko barabarani, mama wa maandazi ndiyo kwanza anahesabu mauzo. Waliobaki ni wastaafu na wale wanaozungukia vikao. Vitabu vya bajeti tulivyopewa mlangoni vilikuwa vya Kiingereza, kurasa mia na zaidi, katika mji huu ambao lugha yake ilisomeka na kuandikwa kabla ya reli kufika. Mzee mmoja jirani yangu alikifungua, akakifunga, akakitumia kujipepea. Tukaandika majina na nambari za simu, na nina hakika mahali fulani imeandikwa kwamba tulishirikishwa.

Kikao hicho hicho kingeitwa baada ya Isha, au Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa shule ya mtaa, na bajeti ya wadi ikafupishwa kwa Kiswahili katika karatasi mbili, pangejaa. Nasema hivi kwa sababu baraza zetu hujaa kila usiku. Watu huketi na kahawa chungu na kashata, wakichambua siasa za nchi tatu kwa undani ambao ungewashangaza wasomi. Nia ya kushiriki wanayo. Wanachokosa ni sababu ya kuamini kwamba wakisema kitu kitabadilika.

Ule mtaro uliziba tena, mvua ya kwanza kubwa. Tulikuwa tumezibua vizuri Alhamisi ile, lakini mahali pasipo penyewe. Aliyetwambia ni mama anayeuza viazi karai pale pembeni. Alisema kwa hasira kidogo kwamba taka hushuka kutoka juu, kwenye pembe ambako palikuwa na pipa, na tangu pipa liondolewe watu humwaga chini, nayo mvua hubeba. “Mlikuwa hapa mnapigwa picha,” alisema, “hakuna aliyeniuliza.” Tukamwita mwenye mkokoteni, akathibitisha, akaongeza pembe ya pili ambayo hata mama hakuijua.

Usiku ule barazani mambo yaligawika yenyewe. La pipa ni la kaunti, si la kwetu kujitolea. Barua imeandikwa, imetiwa sahihi na wenye nyumba na wapangaji pia, safari hii tulihesabu milango. Imepokewa na kugongwa muhuri, na jibu bado hatujalipata. Akina mama wamekubaliana kuongeza shilingi kumi kwa kila nyumba ili mwenye mkokoteni apite mara tatu kwa wiki badala ya mbili. Na mtaro ukapangiwa Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakaza.

Nilichelewa kidogo. Nilipofika, mtu alikuwa akipiga kelele aulizwe imamu ufunguo wa stoo ya msikiti, kule yanakowekwa majembe ya maziko. Mama wa viazi alikuwa ameshainjika sufuria la chai. Kijana yule wa nauli yumo mtaroni, suruali imekunjwa hadi magotini, akitaka aletewe beleshi lile refu, la makaburini, kwa sababu haya mengine hayafiki chini.